Kipimo cha vipokezi kimtangulie mama wa Sangailu, dawa ifuate

Mwaka wa 2025 Wizara ya Afya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kampuni ya Roche zilikubaliana kushusha bei ya Herceptin, dawa ya saratani ya titi, kutoka Sh120,000 kwa dozi moja hadi Sh40,000, na SHA ikajitwika kulipa hizo Sh40,000 zote. Mgonjwa aliyegunduliwa mapema hupewa dozi hiyo kila baada ya wiki tatu kwa muda wa mwaka mmoja hivi, yaani dozi 17 au 18. Piga hesabu uone: matibabu yaliyokuwa yakipita Sh2 milioni, fedha ambazo familia ya wafugaji isingezipata hata ikiuza mifugo yote, sasa hayamdai mgonjwa senti kwa dawa yenyewe. Waliopigania punguzo hili wanastahili shukrani, naye Waziri wa Afya Aden Duale, aliyekuwa mbunge wa Garissa Mjini kwa miaka mingi, anazijua vyema shida za kaskazini mashariki. Hata hivyo, mama wa Sangailu, wadi iliyo kusini mwa Kaunti ya Garissa, hatafaidika na punguzo hilo hata kidogo mpaka swali moja lijibiwe kwa usahihi: je, seli za saratani yake zina kipokezi kiitwacho HER2, au hazina? Swali hilo halijibiwi kwa kupapasa titi wala kwa picha ya mamografia. Hujibiwa maabarani, kwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, na kipande hicho kikiharibiwa njiani, jibu nalo limeharibika. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi iliyo mbele yetu kwa sasa ni kukifikisha kipande hicho maabarani kikiwa salama, na kwamba kazi hiyo tunaiweza hata kwa mgonjwa anayetoka Sangailu.

Tuanze na vipokezi vyenyewe. Kila seli ya mwili ina utando unaoizunguka, na katika utando huo zimepachikwa protini ambazo sehemu yake iko nje ya seli na sehemu nyingine iko ndani. Hizo ndizo ziitwazo vipokezi. Sehemu ya nje hunasa ujumbe unaoletwa na damu au na seli jirani, na sehemu ya ndani huupeleka ujumbe huo hadi kwenye kiini: kua, gawanyika, tulia, au kufa. Katika mwili wenye afya, amri ya kugawanyika hutolewa kwa kipimo. Kidonda kikipona, amri hukoma. Saratani mara nyingi huanza pale amri inapokosa kukoma. Huenda kipokezi kimebadilika umbo, kikawa kinatoa amri bila kuletewa ujumbe wowote. Huenda pia vipokezi vimeongezeka kupita kiasi hadi seli haipati nafasi ya kutulia. HER2 ni mfano wa hali hii ya pili. Seli ya kawaida ya titi ina nakala 2 za jeni la HER2 na vipokezi vyake vipatavyo 20,000 juu ya utando. Katika aina moja ya saratani jeni hilo hurudufika mara nyingi, na vipokezi vikaweza kufikia milioni 2 kwenye seli moja tu. Seli ya namna hiyo hugawanyika usiku na mchana, na huwa na haraka ya kuhamia kwenye ini, mapafu, mifupa na ubongo.

Mwaka wa 1987 daktari Mmarekani Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wanawake ambao uvimbe wao ulikuwa na nakala nyingi za jeni hilo walirudiwa na ugonjwa mapema na kufariki mapema kuliko wengine. Habari hiyo ilikuwa ya kutisha, lakini ilikuwa na faida yake. Kitu kilichokuwa kikiendesha ugonjwa kilikuwa juu ya seli, mahali ambapo dawa inaweza kukifikia bila kuingia ndani. Wanasayansi wakatengeneza kingamwili inayokishika kipokezi cha HER2 na kukizima, na ambayo pia huwaita askari wa kinga ya mwili wazishambulie seli zilizoshikwa. Hiyo ndiyo trastuzumab, ambayo jina lake la biashara ni Herceptin. Marekani iliiidhinisha mwaka wa 1998. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka wa 2005 yakaonyesha kwamba mwanamke aliyegunduliwa mapema akiipata pamoja na kemotherapi, hatari ya ugonjwa kurudi hupungua kwa karibu nusu. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2015, na Desemba 2019 likaidhinisha kwa mara ya kwanza dawa mbadala inayofanana nayo. Saratani hiyo iliyokuwa miongoni mwa zile mbaya zaidi za titi imekuwa mojawapo ya zile ambazo madaktari wana silaha nyingi za kupambana nazo.

Lakini Herceptin ni silaha ya wachache. Saratani za titi zenye HER2 kwa wingi ni kama asilimia 15 hadi 20 ya zote. Kwa asilimia 80 hadi 85 waliobaki, Herceptin haina kazi. Itawagharimu, itawachosha, na inaweza kuudhuru moyo bila kuwapa chochote. Kumpa mgonjwa dawa hiyo bila kipimo ni kosa, na kumnyima aliye na HER2 kwa sababu hakupimwa ni kosa kubwa zaidi. Kuna pia vipokezi vingine vinavyopimwa kwa kipande kilekile cha nyama, navyo ni vile vya homoni za estrojeni na projesteroni. Hivi havikai juu ya seli kama HER2, viko ndani, lakini maana yake kwa mgonjwa ni kubwa mno. Mwanamke ambaye uvimbe wake una kipokezi cha estrojeni anaweza kumeza tamoksifeni, kidonge kimoja kwa siku, kwa miaka mitano. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba miaka hiyo mitano ya vidonge hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa takriban theluthi moja. Tamoksifeni ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Haihitaji jokofu wala kulazwa, na mtu anaweza kukaa nayo nyumbani akiwa Sangailu, Hulugho au Masalani, akaenda kliniki mara chache kwa mwaka. Nikitazama hali ya kaskazini mashariki, naona kwamba kidonge hiki, pengine kuliko hata Herceptin, ndicho sababu kubwa ya kupigania kipimo cha vipokezi.

Kwa miaka mingi palikuwa na imani, hata miongoni mwa wataalamu, kwamba saratani za titi za wanawake wa Afrika nyingi hazina vipokezi vyovyote. Tafiti kadhaa za bara hili zilikuwa zikitoa matokeo hayo, na watu wakahitimisha kwamba tatizo liko katika damu yetu. Matokeo yake yalikuwa mabaya: mbona uhangaike kupima kitu ambacho unaamini hakipo? Kisha mwanapatholojia Shahin Sayed wa Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi na wenzake wakafanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa mapema. Walikusanya sampuli kutoka hospitali za sehemu mbalimbali za Kenya, lakini safari hii walihakikisha kwamba kila kipande kimehifadhiwa ipasavyo tangu dakika ya kukatwa. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka wa 2014, yalionyesha kwamba zaidi ya 7 kati ya kila wanawake 10 walikuwa na kipokezi cha estrojeni. HER2 ilipatikana kwa chini kidogo ya mmoja kati ya watano, na waliokosa vipokezi vyote vitatu walikuwa kama mmoja kati ya watano. Sisemi kwamba hakuna tofauti yoyote kati ya jamii na jamii. Zipo, na zinaendelea kuchunguzwa. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya vipokezi vilivyodhaniwa kukosekana ilikuwa imepotelea kati ya meza ya upasuaji na darubini. Tafakari maana yake. Kuna wanawake walioambiwa hawana kipokezi, wakakosa kidonge cha bei rahisi ambacho kingeweza kuwaokoa, kwa sababu nyama yao ililala kwenye chupa isiyofaa.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa maana uzembe wa chupa huua kimyakimya na hauandikwi kwenye cheti cha kifo. Nyama ikishatolewa mwilini huanza kuoza mara moja, na protini za vipokezi huwa miongoni mwa vitu vinavyoharibika. Kanuni zinazotumiwa duniani zinataka kipande kitiwe kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ndani ya saa moja, kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72, kisha kichakatwe. Fomalini yenyewe iwe ile ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, na iwe nyingi, takriban mara kumi ya ukubwa wa nyama. Haya yanasikika kama mambo madogo. Sasa tazama yanayotokea pasipo na mafunzo: titi zima linaloondolewa linasukumwa kwenye chupa ya mdomo mwembamba, fomalini inagusa ngozi tu, nayo hupenya polepole mno, labda milimita moja kwa saa, na katikati ya uvimbe kunaoza kabla dawa haijafika. Au sampuli inatiwa kwenye maji ya chumvi kwa kuwa fomalini imekwisha. Au inakaa dirishani wiki mbili ikisubiri jamaa wa mgonjwa apate nauli ya kuipeleka Nairobi. Mwanapatholojia anapoipokea hupaka kingamwili ya kupimia, akitafuta mstari wa rangi ya kahawia kuzunguka kila seli. Mstari mzito uliozunguka seli kikamilifu huandikwa 3+, na huyo ni mgonjwa wa Herceptin. Ukiwa wa kati huandikwa 2+, na jeni lenyewe lazima lipimwe tena. Sufuri au 1+ maana yake HER2 si nyingi. Nyama iliyooza hutoa sufuri pia, na darubini haiwezi kusema kama sufuri hiyo ni ya ugonjwa au ya chupa.

Sangailu ni wadi ya eneobunge la Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, upande wa msitu wa Boni. Ni nchi ya ng'ombe, mbuzi na ngamia, yenye barabara za udongo zinazogeuka tope mvua ikinyesha, na yenye wasiwasi wa usalama uliodumu tangu kabla ya operesheni ya msitu wa Boni iliyoanza mwaka wa 2015. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalikata hata barabara kuu ya Garissa kwenda Nairobi karibu na Madogo, watu wakavuka kwa mashua. Katika mazingira hayo, kumwambia mwanamke mwenye uvimbe aende mwenyewe hospitali ya rufaa, kisha Nairobi, kisha arudi baada ya majibu, kisha aende tena, ni kumwambia kwa adabu kwamba abaki nyumbani. Namna nyingine ipo: nyama ndiyo isafiri, yeye abaki karibu na watoto wake. Kipande cha bayopsi ya sindano ni kidogo kama uzi. Fomalini haihitaji barafu wala umeme. Kipande kikishachakatwa na kugandishwa ndani ya nta, kile kibonge cha nta hudumu miaka mingi katika joto la kawaida, na kinaweza kutumwa kwa basi la Nairobi kikiwa ndani ya bahasha. Kwa hiyo mnyororo unaotakiwa ni mfupi: mhudumu aliyefunzwa kuchoma sindano ya bayopsi katika hospitali ya Masalani au iliyo karibu zaidi, gari la kufikisha chupa Garissa ndani ya siku mbili, mashine ya kuchakata nyama na fundi wake pale Garissa, na mkataba na maabara ya Nairobi yenye uwezo wa kupima vipokezi. Kenya imeshafanya jambo la aina hii kwa maradhi mengine. Kwa miaka mingi tone la damu la mtoto mchanga, likiwa limekaushwa kwenye karatasi, limekuwa likitoka zahanati za mashambani hadi maabara za taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, kupimwa virusi vya Ukimwi, na makohozi ya kifua kikuu husafirishwa kwa pikipiki. Njia, madereva na vitabu vya kuandikia sampuli vipo. Ila saratani haijaruhusiwa kuvitumia.

Najua nitakayojibiwa kwanza. Sangailu ina uhaba wa maji, wahudumu na hata dawa za malaria. Kuzungumza juu ya vipokezi ni anasa ya watu wa mjini. Hoja hii ina uzito na siwezi kuipuuza. Lakini saratani haisubiri visima vichimbwe. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka wa 2022 yanaipa Kenya wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo vipatavyo 29,000 kwa mwaka, na saratani ya titi ndiyo inayoongoza kwa wagonjwa wapya. Wanawake wa kaunti kame wamo katika hesabu hiyo, ijapokuwa wengi wao hufariki bila kuandikwa. Tena kipimo cha vipokezi hakishindani na maji. Kinachohitajika kwa sehemu kubwa ni fomalini, chupa zenye mdomo mpana, mafunzo ya siku chache na nidhamu ya kuandika saa. Ghali ni kutopima. Serikali inayolipa kemotherapi kali kwa mwanamke ambaye kidonge kingemtosha, au inayolipa Herceptin kwa mtu ambaye jibu lake halikuwa la kweli, inachoma fedha za SHA ambazo kwa familia nzima ziliwekewa kikomo cha Sh550,000 kwa mwaka mpango ulipoanza Oktoba 2024.

Wengine watasema, na huu ndio upinzani ninaouheshimu zaidi, kwamba saratani inayowasumbua sana watu wa Garissa ni ya umio wala si ya titi. Ni kweli kwamba saratani ya umio ni nyingi katika ukanda unaotoka Ethiopia kupitia Kenya hadi kusini mwa bara, na kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, vilitajwa mwaka wa 2016 na shirika hilohilo la utafiti kuwa huenda vinachangia. Ni kweli pia kwamba huko vipokezi havijaleta ushindi kama wa HER2. Seli za saratani ya umio aghalabu huwa na kipokezi kiitwacho EGFR kwa wingi, na watu walitumaini kwamba kukizima kungetosha. Jaribio la gefitinib nchini Uingereza, lililochapishwa mwaka wa 2014, halikurefusha maisha ya wagonjwa kwa ujumla. La setuksimabu, mwaka mmoja kabla yake, liliwadhuru. Matumaini sasa yako kwa kipokezi kingine, PD-1, kilicho juu ya seli za kinga zenyewe, ambacho saratani hukitumia kuwalaza askari hao. Ugunduzi wake ulimpa Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka wa 2018 pamoja na James Allison wa Marekani. Dawa zinazokizuia huwasaidia baadhi ya wagonjwa wa umio, lakini bei zake haziko karibu na mfuko wa mtu yeyote Ijara. Kwa ugonjwa huu, basi, namwambia msomaji ukweli: uchunguzi wa mapema wa koo, mionzi katika kituo cha saratani cha Garissa, na bomba la kumwezesha mgonjwa kumeza chakula ndivyo vyenye manufaa zaidi leo. Hilo haliondoi haki ya mwenye saratani ya titi. Nyama ya umio nayo inahitaji fomalini ileile na mashine ileile, kwa hiyo mnyororo mmoja utawahudumia wote wawili.

Kuna hofu nyingine inayonong'onwa majumbani, kwamba sindano au kisu kikigusa uvimbe, ugonjwa husambaa. Hofu hii imewafanya wengi watangulie kwa waganga wa kuchoma ngozi kwa moto na kufika hospitalini wakati titi limekwisha kuchubuka. Ushahidi wa miongo mingi hauonyeshi kwamba bayopsi ya sindano hufupisha maisha ya mwenye saratani ya titi. Kinachofupisha maisha ni miezi inayopotea. Lakini hofu haitaondolewa na gazeti. Itaondolewa na wahudumu wa afya ya jamii wanaozungumza Kisomali na Kiboni, na hasa wanawake, kwa kuwa mama wa Ijara ana haki ya kuchunguzwa titi na mwanamke mwenzake. Masheikh nao wana sauti hapa kuliko daktari yeyote wa Nairobi, na wakiombwa wataitumia.

Nakubali kwamba Herceptin ina masharti yake. Moyo wa mgonjwa lazima upimwe kabla ya dozi ya kwanza na tena kila baada ya miezi michache, na kuja Garissa kila wiki tatu kwa mwaka mzima si mzaha kwa mtu wa Sangailu. Lakini dawa hiyo sasa ipo pia kama sindano ya chini ya ngozi inayochukua dakika chache badala ya dripu ya saa nzima, na hilo linafungua uwezekano wa dozi za baadaye kutolewa Masalani chini ya usimamizi wa Garissa. Sharti la kwanza linabaki lilelile: jibu la kweli la maabara.

Naiomba Serikali ya Kaunti ya Garissa iweke katika bajeti ijayo fungu la fomalini, chupa na usafirishaji wa sampuli kutoka Ijara, Hulugho, Lagdera na Dadaab, na Wizara ya Afya iandike kipimo cha vipokezi na uhifadhi wa sampuli ndani ya mpango uleule unaogharamia Herceptin. Na kwako wewe msomaji ambaye mama, dada au mke wako amefanyiwa bayopsi ya titi: usikubali karatasi inayosema "saratani" peke yake. Uliza nyama ilitiwa fomalini saa ngapi, na udai karatasi iandikwe majibu matatu, ER (estrojeni), PR (projesteroni) na HER2, kabla ya matibabu yoyote kuchaguliwa.